Kwa Nini Pete ya Dhahabu Huacha Alama Kidoleni

Ndugu mwenyekiti, masonara na wauzaji wa vito mliokubali kufunga maduka mapema, akina mama, akina baba na vijana, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nieleze jambo ambalo wengi wenu mmekutana nalo, ama kwa kuvaa ama kwa kuuza. Mtu ananunua pete au mkufu wa dhahabu, anauvaa kwa muda, kisha anaona mstari mweusi shingoni au duara la kijani kidoleni. Mvaaji humshuku sonara, na sonara naye hujitetea kwamba mvaaji ana damu kali au jasho baya. Ikiwa ni pete ya ndoa, maneno huweza kufika hadi kwa wazee, kwa kuwa hakuna bibi harusi anayependa kuambiwa kwamba amevishwa shaba. Msimamo wangu ni kwamba alama ile peke yake haithibitishi kuwa kito ni feki, wala haithibitishi kuwa mvaaji ni mgonjwa. Alama inatuambia jambo, lakini lazima tujue namna ya kuisoma, na mimi kama mwalimu wa kemia nitawaeleza jinsi inavyosomwa.

Dhahabu safi haina ugomvi na mwili wa binadamu. Hewa haiitii kutu, jasho haliilambi, maji ya bahari hayaibadilishi rangi, na hata asidi ya naitriki, ambayo huyeyusha fedha na shaba, haiiwezi mpaka ichanganywe na asidi ya haidrokloriki. Ndiyo maana sarafu za dhahabu zilizozama na merikebu huopolewa baada ya karne kadhaa zikiwa bado za njano. Kidole kilichovaa dhahabu tupu, basi, hakina cha kukigeuza kijani.

Shida ni kwamba dhahabu tupu ni laini mno kwa matumizi ya kila siku. Pete yake hupinda, kidani chake hukwaruzika, na vile vijimeno vinavyoshika jiwe hulegea mpaka jiwe likadondoka. Kwa hiyo sonara huiongezea metali nyingine: fedha, shaba, zinki, na kwa dhahabu nyeupe, nikeli au paladi. Kiasi cha nyongeza hiyo ndicho kinachosemwa kwa karati, ambayo ni hesabu ya sehemu 24. Karati 22 ina dhahabu asilimia 91.6. Karati 21, inayopendwa sana Oman na kwingineko Ghuba na inayofika pwani yetu kwa mikono ya wasafiri, ina asilimia 87.5. Karati 18 ina asilimia 75, karati 14 ina asilimia 58.5, na karati 9, ambayo sheria ya Uingereza iliikubali tangu mwaka 1854, ina asilimia 37.5 tu. Mkitazama ndani ya pete kwa kioo cha kukuzia mtaona namba 916, 875, 750, 585 au 375, na hizo ndizo karati zenyewe zilizoandikwa kwa sehemu elfu moja. Pete ya karati 9 yenye gramu 4 ina dhahabu gramu 1.5, na gramu 2.5 zilizobaki ni za metali nyingine.

Lakini mizani huficha jambo moja ambalo napenda tulitazame kwa makini, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini karati 18 hukaa kimya ilhali karati 9 husumbua. Atomu moja ya dhahabu ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko atomu moja ya shaba. Kwa hesabu ya wanakemia ni 197 kwa 63.5. Ukichanganya dhahabu na shaba peke yake mpaka upate karati 18, mizani itasema dhahabu ni robo tatu, lakini ukiweza kuzihesabu atomu moja moja utakuta zinakaribia kulingana, nusu kwa nusu. Ukishuka mpaka karati 9, kila atomu moja ya dhahabu ina atomu za shaba tano hivi pembeni yake. Masonara huongeza fedha pia, kwa hiyo hesabu hubadilika kidogo, ila mwelekeo ni uleule. Jasho linapogusa uso wa pete hukutana na atomu, halikutani na gramu. Katika karati 18 atomu za dhahabu ni nyingi kiasi cha kuzizingira zile za shaba na kuzizuia zisichukuliwe kwa urahisi. Katika karati 9 shaba iko wazi, na jasho likiichukua iliyo juu hupata njia ya kuifikia iliyo chini yake.

Hapo ndipo kijani kinapozaliwa. Jasho lina chumvi, na kwa hiyo lina kloridi. Lina pia asidi ya laktiki. Ngozi nayo hutoa mafuta yenye asidi zake. Vitu hivi, vikisaidiwa na oksijeni ya hewani, huitoa shaba kutoka kwenye metali na kuigeuza kuwa chumvi za shaba, ambazo rangi yake ni kijani au buluu ya kijani. Zikishakuwa chumvi hubandika kwenye ngozi na kuingia kwenye mikunjo midogo ya kidole. Angalieni mahali zinapotokea: mara nyingi ni upande wa kiganja, chini ya pete, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo na povu la sabuni hunasa na hayakauki. Pete iliyo pana na iliyobana huacha alama zaidi kuliko nyembamba iliyolegea, ingawa zimetengenezwa kwa dhahabu ileile, kwa sababu pana huyafungia maji.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Pete isiyoacha alama yoyote Arusha mwezi wa Julai yaweza kukigeuza kidole kijani Mombasa, Unguja au Dar es Salaam mwezi wa Februari, wakati kaskazi imetulia na mtu anatoka jasho hata akiwa amekaa. Jasho la watu nalo halifanani: la mmoja ni chachu zaidi, la mwingine lina chumvi nyingi, na kwa mtu yuleyule hubadilika kwa chakula, kwa kazi, kwa homa na kwa ujauzito. Ndiyo sababu dada wawili huweza kuvalishana pete moja, mmoja akapata alama na mwenzake asipate. Nasisitiza hapa kwa wale wanaosema kwamba pete iliyoacha alama imegundua upungufu wa damu au husuda: pete haipimi damu. Anayehisi kizunguzungu na uchovu aende akapimwe maabara, asisubiri kidole kimwambie. Chumvi ile ya shaba, kwa kiasi kidogo kinachobaki kidoleni, haina madhara, na huondoka kwa maji na sabuni, au kwa tone la ndimu ikiwa imeshikilia.

Mweusi ni habari nyingine, na una asili zaidi ya moja. Mara nyingine ni ile fedha iliyochanganywa na dhahabu. Fedha haisumbuliwi sana na oksijeni, lakini ikikutana na salfa hugeuka nyeusi upesi, na salfa iko karibu nasi kuliko tunavyodhani: kwenye mayai, kwenye vitunguu, kwenye sabuni za salfa na marhamu za upele, na kwenye baadhi ya dawa za nywele. Msusi anayevaa pete za karati ya chini huku mikono yake imo ndani ya dawa kutwa nzima asishangae. Klorini ya kung'arishia nguo nyeupe huila dhahabu ya karati ya chini vibaya zaidi, kwa kuwa haiishii kwenye rangi: hudhoofisha viungio mpaka kijimeno kikakatika na jiwe likapotea. Akina mama, vueni pete kabla ya kuloweka shuka.

Sasa nataka mtazame mkono wangu, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo hata wauzaji wengi hawalijui, na limewagombanisha watu bure. Hapa juu ya mkono wa kushoto nimepaka poda yenye oksidi ya zinki, ile ambayo imo pia katika marhamu za vipele vya nepi na katika losheni ya kalamini. Ninachukua bangili hii ya karati 22, ambayo sonara wetu ameipima mbele yenu, na kuiburuta mara moja juu ya poda. Mmeona: mstari mweusi, kama umechorwa kwa kalamu ya risasi. Naiburuta tena hapa pembeni, kwenye ngozi isiyopakwa kitu. Hakuna mstari.

Sababu yake ni ugumu wa vitu. Katika kipimo cha Mohs, kinachokwenda kuanzia 1 hadi 10, dhahabu iko kwenye 2.5 hadi 3. Oksidi ya zinki iko kwenye 4 au zaidi kidogo, na oksidi ya titani, inayotumika katika vipodozi vya uso na katika mafuta ya kukinga jua, huweza kufika 6. Chembe za vitu hivi huikwangua dhahabu kama msasa unavyokwangua ubao, na kinachobaki kwenye ngozi ni vumbi la dhahabu. Mtauliza kwa nini vumbi la dhahabu liwe jeusi. Njano na mng'ao tunaouona kwenye bangili hutokana na uso laini unaorudisha mwanga kwa pamoja. Dhahabu ikishasagika kuwa chembe ndogo sana, mwanga huingia katikati ya chembe hizo, hugongwa huku na huku, na kidogo mno ndicho kinachorudi machoni petu. Kwa hiyo jicho huona weusi. Poda ya talki tupu haifanyi hivyo, kwa sababu talki ni laini kuliko vitu vyote vilivyo katika kipimo hicho. Kwa hiyo someni maandishi nyuma ya kopo.

Tafakarini maana yake. Dhahabu kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyokuwa laini, na kadiri inavyokuwa laini ndivyo inavyokwanguliwa kwa urahisi. Bibi harusi aliyepakwa vipodozi vizito usoni mpaka shingoni, kisha akavishwa kidani cha karati 22, anaweza kupata mstari mweusi shingoni kabla ya sherehe kwisha, na mstari huo umetoka kwenye dhahabu bora kabisa. Mtu akisimama hapo na kutangaza kwamba vito ni vya bandia, amemvunjia heshima bwana harusi, na amemvunjia heshima fundi, kwa kosa la poda. Dawa yake ni ndogo sana: vipodozi vikauke vyema, shingo na vifundo vya mikono vifutwe, vito viwe vya mwisho kuvaliwa. Na kwa sababu hiyohiyo naomba tuache kusafisha dhahabu kwa dawa ya meno, kwani nayo ina unga wa kusugua. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi nyororo vinatosha.

Sitaki hata hivyo mtoke hapa mkidhani kwamba kila alama ina udhuru. Ziko cheni zinazouzwa kwa sauti kubwa kwamba hazichuji wala hazipauki, na ndani yake ni shaba iliyochanganywa na zinki, ikachovywa dhahabu juu. Tabaka lile la juu mara nyingi halifiki hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Huliwa kwanza mahali panaposuguana, kwenye pete za mnyororo na karibu na ndoano, na shaba ikishatokeza shingo huwa kijani. Sina ugomvi na kito cha kuchovya. Si kila mtu ana fedha ya kununua dhahabu ya mizani, na mtu ana haki ya kupendeza kwa kile alichonacho. Ninachokipinga ni kuuza kito cha kuchovya kwa jina la dhahabu. Mteja anayetaka uhakika asitegemee alama ya ngozi. Aende kwa sonara mwenye jiwe la kupimia na asidi, au mahali penye mashine ya mionzi inayosoma metali bila kuikwangua, kwa kuwa hata ile namba iliyogongwa ndani ya pete inaweza kugongwa na mtu yeyote mwenye nyundo na chapa. Mjue pia kwamba mashine hiyo husoma sehemu ya juu tu, na kito kilichochovywa kwa tabaka nene kinaweza kumdanganya mpimaji asiye mwangalifu.

Yapo pia mambo yanayotokea pasipo hila yoyote. Familia huvunja bangili za bibi ili mjukuu atengenezewe vito vipya. Bangili zile zilikuwa karati 22, lakini katika miaka yake zilikatika na kuunganishwa kwa lehemu, na lehemu lazima iyeyuke kabla ya dhahabu yenyewe, kwa hiyo huwa na zinki, shaba au fedha zaidi. Vyote vikiingia chunguni pamoja, kinachotoka si karati 22 tena. Sonara mwema hulisema hili kabla ya kuwasha moto, na hupima kabla na baada ya kuyeyusha mbele ya mwenye mali.

Mpaka hapa nimezungumzia alama zinazooshwa zikaondoka. Iliyo muhimu zaidi kwangu ni ile isiyoondoka. Ukisugua kwa sabuni na rangi ikabaki palepale, basi rangi hiyo haikutoka kwenye pete. Ni ngozi yenyewe iliyobadilika. Chanzo chake kikubwa ni nikeli, inayotumika katika baadhi ya dhahabu nyeupe na mara nyingi kama tabaka la chini katika vito vya kuchovya. Nikeli ikitolewa na jasho hupenya ngozi, na kinga ya mwili ya watu wengine hujifunza kuichukia. Baada ya hapo kila inapogusa, siku moja hadi tatu baadaye, mahali pale huwasha, huvimba, hutoka malengelenge na kuchubuka, na hali hiyo kwa kawaida mtu hubaki nayo maisha yake yote. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi jambo haliishii kwenye kuwashwa. Upele ukipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa kwa miezi, kwa sababu ngozi iliyoumia huzidisha rangi yake. Doa hilo si uchafu, wala si la kusuguliwa kwa jiwe au kuchubuliwa kwa mkorogo, ambao baadhi yake una zebaki na huleta balaa kubwa kuliko doa lenyewe. Vua kito, mwone daktari wa ngozi, na uipe ngozi muda. Hali kadhalika, aliyepakwa piko mikononi siku ya harusi akatoka malengelenge asiilaumu pete, kwani rangi za nywele zinazotiwa katika piko zina kemikali ambayo yenyewe hujulikana kwa mzio mkali.

Je, dhahabu yenyewe haiwezi kuleta mzio? Inaweza, ingawa ni kwa nadra zaidi, na mwaka 2001 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza dhahabu kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka huo ili madaktari waizingatie. Ajabu yake ni kwamba upele huo mara nyingi hutokea kwenye kope za macho badala ya kidoleni. Na iko hali moja ambapo dhahabu huigeuza rangi ngozi kwa nguvu zake yenyewe: tangu mwaka 1929, kwa kazi ya daktari Mfaransa Jacques Forestier, chumvi za dhahabu zilidungwa kwa sindano kutibu ugonjwa wa baridi yabisi, na baadhi ya waliodungwa kwa muda mrefu walipata rangi ya kijivu cha buluu kwenye sehemu zinazopigwa na jua. Pete haifiki huko.

Namalizia kwa watoto wachanga, kwa sababu ndio wasioweza kusema kwamba wanawashwa. Huku kwetu mtoto wa kike hutobolewa masikio angali mdogo, na kidonda kile kibichi ndiyo njia fupi kabisa ya nikeli kuingia mwilini na kuufundisha mwili mzio wa maisha. Nchi za Ulaya ziliweka sheria mwaka 1994, na leo kito kinachogusa ngozi kwa muda mrefu hakiruhusiwi kutoa nikeli zaidi ya maikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na vijiti vinavyopita kwenye tundu la sikio haviruhusiwi kuzidi maikrogramu 0.2. Masonara mnaweza kujipimia wenyewe: kuna dawa iitwayo dimethiliglioksimu ambayo hutiwa kwenye pamba na kusuguliwa juu ya kito, na pamba ikigeuka waridi, nikeli inatoka. Nawaomba wauzaji mliopo muiweke dawa hiyo kando ya jiwe lenu la kupimia, muandike karati kwenye risiti, na muandike pia kama kito kina nikeli. Kwa sikio la mtoto, uzeni hereni za karati 21 au 22, au za titani, na mzazi asiye na uwezo wa hizo mwambieni asubiri kutoboa badala ya kumuuzia hereni ambayo ninyi wenyewe hamjui ndani yake mna nini.

Nitapokea maswali sasa, na waliokuja na vito vyao wavilete hapa mezani tuvitazame pamoja na sonara wetu.